Pochi ya simu na ulimi wa anayekufundisha

Kazini kwetu posho na marejesho ya gharama yamehamishiwa kwenye pochi ya kidijitali, na mimi ndiye niliyeachiwa kufuatilia nani ameshajiunga na nani bado. Fomu ina safu ya "sababu ya kutojiunga", na karibu kila mkuu wa kitengo ameijaza vilevile: anaogopa teknolojia. Siwaamini. Hao wanaoitwa waoga wanatumiana picha na kupigiana simu za video mchana kutwa.

Kwenye mafunzo, mama mmoja wa masjala aliinua mkono akauliza kama namba ya siri ya pochi inaweza kuwa ile ile ya kufungulia simu. Swali la maana, tena la usalama. Kijana aliyekuwa akifundisha akatazama dari, akashusha pumzi, akasema, "Mama, hata hilo nalo la kuuliza?" Watu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, akailaza simu kifudifudi mezani, na hakuigusa tena mpaka tunatoka. Waliokuwa na maswali wakayameza. (Namba ziwe tofauti, tafadhali. Mtu akiichungulia moja, asipate zote mbili.)

Watafiti Lynne Andersson na Christine Pearson, mwaka 1999, waliueleza ufedhuli wa kazini kuwa ni utovu wa adabu wa kiwango kidogo ambao nia yake ya kuumiza haiko wazi. Kutokuwa wazi huko ndiko kunakousalimisha. Huwezi kwenda kumshtaki mtu kwa kushusha pumzi. Atasema alikuwa anatania, na wewe ndiye utaonekana mwepesi wa kununa. Lakini athari zipo. Mwaka 2007 Christine Porath na Amir Erez walionyesha kwa majaribio kwamba waliofanyiwa ufedhuli walifanya vibaya zaidi kazi za kufikiri, na hata moyo wa kusaidia wenzao ukapungua.

Sasa weka hayo kwenye pesa. Barua ukiikosea unaifuta, unaandika upya. Ukikosea tarakimu moja ukatuma pesa kwa mtu usiyemjua, kuzirudisha ni shughuli, na pengine zisirudi kabisa. Ndiyo maana muamala wa kwanza watu wengi wanataka wawe na mtu pembeni, wamwonyeshe kioo, wamuulize "hapa nibonyeze?" hata kama jibu wanalijua. Mtu huyo akiwa na ulimi mkali, bora wasubiri keshi.

Madodoso ya kupima kwa nini watu wanaikubali au kuikataa teknolojia mpya hayaligusi hili sana. Mtafiti Fred Davis mwaka 1989 aliweka mizani kwenye mambo mawili: mtu anaonaje manufaa ya chombo, na anaonaje urahisi wake. Viswanath Venkatesh na wenzake mwaka 2003 wakaongeza ushawishi wa watu na mazingira wezeshi, yaani nyenzo na msaada wa kukitumia chombo, na humo katika mazingira wezeshi mnaulizwa kama yupo mtu maalumu wa kusaidia mfumo ukikwama. Kwetu tungejibu ndiyo, yupo. Ni yule yule kijana.

Ila nisiseme ufedhuli siku zote unawafukuza watu kwenye pochi. Mwenzangu mmoja alijiunga wa mwanzo kabisa, na si kwa kupenda teknolojia. Alichoshwa na dirisha la uhasibu, ambako kudai haki yako kulikuwa kama kuomba sadaka. "Simu hainisonyi," aliniambia. Kwa hiyo kwenye ripoti yule anahesabiwa mpenda mabadiliko na mama wa masjala mwoga, wakati wote wawili wanamkimbia binadamu mwenzao.

Kinachonikosesha raha zaidi ni utapeli. Mtu akipigiwa na anayejifanya wa huduma kwa wateja, akamsomea ile namba ya uthibitisho iliyoingia kwa ujumbe, dakika zinazofuata ndizo za kuokoa kitu: kupiga simu ya msaada na kuomba pochi ifungwe. Ofisi ambayo swali dogo linachekwa, huyo atamwambia nani? Atakaa kimya mpaka jioni akitafuta namna ya kulisema bila kuonekana mjinga, na jioni pochi imeshakombwa.

Nimeomba mafunzo yafanywe watu wawili wawili, mezani pa mtu, bila ukumbi. Hilo limekubaliwa. Nimeomba pia kuongeza maswali mawili kwenye dodoso la mwisho wa robo: "Mara ya mwisho ulipouliza kuhusu pochi, ulijibiwaje?" na "Ungeuliza tena?" Mkuu wangu ameyazungushia duara jekundu na kuandika pembeni kwamba hayahusiani na malipo. Kesho asubuhi nina kikao naye.