Biashara ya dagaa wa Mwanza: nilivyoanza na magunia mawili ya mchanga mpaka hapa nilipo

Habari zenu wapendwa. Mimi niko Dodoma nauza dagaa, na kila wiki kuna mtu ananiuliza ulianzaje, ulianza na shingapi, nikaona ngoja niandike yote mara moja pamoja na hasara zake, maana bila zile hasara nisingejua chochote kuhusu dagaa.

Mwezi wa tatu 2021 tulivunja kikoba, yani kikundi chetu cha kuweka akiba, mimi nikatoka na laki nne na nusu. Nilikuwa na genge nje ya nyumba, nyanya, vitunguu, mkaa wa kupima, na nilishaona watu wanaulizia dagaa kila siku ila sina. Nikapewa namba ya dalali wa Mwanza, tukaongea kwa simu akanitumia picha, dagaa weupe wanang'aa mpaka raha, akasema kilo ni 3,500. Nikamtumia hela ya kilo mia moja, yani 350,000, na nauli ya mzigo 30,000. Baada ya siku mbili nikaenda stendi kupokea magunia yangu mawili nikiwa na furaha sana.

Mteja wa kwanza alikuwa jirani yangu, alichukua nusu kilo. Jioni akaniita jikoni kwake, "mama Junia hebu njoo uone". Alikuwa ameloweka dagaa kwenye beseni la bluu, akawakusanya kwa mkono akawatoa wote, afu akamwaga maji taratibu. Chini ya beseni pakabaki mchanga, mchanga kabisa kama wa kujengea, nikiushika vidoleni unakwaruza. Hakunigombeza wala nini, aliniangalia tu, na mimi nilitamani kulia pale pale. Nikamrudishia hela yake.

Usiku ule nikachekecha gunia lote. Nikatoa karibu kilo saba za mchanga na vichwa vilivyosagika. Gunia la pili ndo lilikuwa baya zaidi, juu wamekauka ila ukiingiza mkono katikati kuna unyevu na harufu ya kuvunda, ilikuwa masika na walikuwa wamefungwa kabla hawajakauka. Hao sikuthubutu kumuuzia mtu ale, nikawapeleka kwa jamaa anayechanganya chakula cha kuku akanipa 1,500 kwa kilo. Nilitoa 380,000 ikarudi 287,000. Mume wangu akasema achana nayo. Nikamwambia hapana, dagaa hawana tatizo, tatizo sijui wanatoka wapi.

Mwezi wa sita nikapanda basi kwenda Mwanza mwenyewe. Nikafikia soko la Kirumba, pale mwaloni, na kwa kweli nilichanganyikiwa, magunia yamepangwa mpaka juu, wafanyabiashara wa Kongo wananunua kwa lori, wewe na vilaki vyako vitatu nani akusikilize. Mama mmoja muuza chai ndo akanishauri, dada nenda Igombe wanakoanika, ukaone kwanza.

Igombe ndo nilipata shule yangu. Kuna mama mtu mzima anaanika pale miaka na miaka, nilimwamkia shikamoo nikamweleza yaliyonikuta, akaniambia "mwanangu, ulinunua kwa macho ya mtu mwingine". Akanishika mkono akanionyesha: hawa wameanikwa chini kwenye mchanga, bei yao ndogo, na hawa wako juu ya chanja na nyavu, bei imezidi kidogo. Akachukua dagaa mmoja akamkunja, akakatika kwa mlio, ka! Akasema huyu kakauka, ukiona anapinda kama uzi usimfunge kwenye gunia hata kama nje anang'aa. Na usipime gunia la juu tu, ingiza mkono mpaka kiwiko.

Afu akanifundisha kitu ambacho dalali hakuwahi kunitajia hata siku moja, mwezi wa angani. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, wanafuata mwanga, sasa mbalamwezi ikiwaka ziwa zima lina mwanga na taa ya mvuvi haiwaiti tena, kwa hiyo mitumbwi inapumzika siku kama kumi hivi. Giza likirudi dagaa wanajaa bei inashuka, mwezi ukikomaa bei inapanda. Mimi nilikuwa nanunua hela ikipatikana tu! Toka siku hiyo nina kalenda ya mwezi ukutani, nanunua katikati ya giza, naweka stoo juu ya mbao wasiguse sakafu, na mbalamwezi ikifika wenzangu sokoni wanahangaika na bei mimi mzigo ninao. Kuna mara nimenunua kwa 4,000 na baada ya wiki mbili watu wananunua 6,000 huko huko ziwani. Masika na vuli sijazi stoo kabisa, mvua ikipiga dagaa hawakauki, hata ukibembelezwa vipi.

Na ukisafirisha hakikisha una risiti ya ushuru na kibali cha afisa uvuvi, usiseme mzigo wangu mdogo hawatauona.

Sasa kukua. Dodoma toka serikali ianze kuhamia 2016 watumishi wamekuwa wengi, na mtu anatoka kazini saa kumi na moja amechoka, dagaa anawapenda ila kukaa kutoa vichwa na matumbo hana huo muda. Dada mmoja wa ofisini akaniambia ukiniuzia waliosafishwa nitachukua kila wiki. Nikaanza na kilo tano. Hesabu yake iko hivi, na naomba muiangalie vizuri kwa sababu wengi wanaiga wanakula hasara: kilo moja ikifika Dodoma imenigharimu 4,300, ukitoa vichwa na utumbo inabaki kama gramu 700. Wamama wanaosafisha nawalipa 1,000 kwa kilo, kifungashio na lebo 300 kwa pakiti. Pakiti ya robo kilo nauza 3,500. Kwa hiyo kilo moja inazaa pakiti mbili na kitu, inaingiza 9,800, gharama inafika kama 6,140, hapo sijatoa boda wala kodi ya stoo. Mtu anayesahau zile gramu 300 zinazopotea anaweka bei ya chini halafu anashangaa mtaji unaisha. Hata hivyo vichwa havitupwi, yule jamaa wa chakula cha kuku sasa ni mteja wangu wa kudumu.

Mtaji wa kuongeza ndo ulinitesa. 2022 nilichukua kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kali, ya laki tatu, marejesho kila siku, yani unaamka unawaza watu wa marejesho kabla hujawaza wateja, nikalipa nikaapa sirudii. Tukaunda kikundi wanawake watano tukaomba mkopo wa halmashauri, ile asilimia kumi ya mapato ya ndani ya halmashauri, wanawake asilimia nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, hauna riba. Tukiwa tumeshakamilisha makaratasi 2023 mikopo ikasimamishwa nchi nzima. Iliniuma. Tuliendelea na hisa zetu za kikoba, iliporudishwa 2024 tukaomba upya tukapata milioni tano, nasi tunarejesha vizuri.

Sa hivi nazungusha magunia nane mpaka kumi kwa mwezi na wamama sita wanasafisha kwangu. SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, wameshanipa barua ya utambulisho, nafuatilia alama ya ubora ya TBS ili niingie supamaketi, maana bila hiyo wanakuambia bidhaa nzuri ila rudi ukiwa nayo. Igombe naenda mwenyewe kila mwezi, yule mama sasa namwita mama mkubwa na yeye ananitengea dagaa wa chanja, ila mkono naingiza mpaka kiwiko kila gunia, na yeye mwenyewe nisipofanya hivyo ananigombeza.