Unarudi lini?

Igogo, Mwanza, Jumapili jioni

Nikishuka dukani kununua vocha, naulizwa nitarudi lini uwanjani. Kinyozi ananiuliza huku mashine iko kisogoni kwangu. Konda wa daladala ya Buhongwa, ambaye hata sikumbuki tulikutana naye kwenye ndondo gani, ameuliza akiwa ananing'inia mlangoni: "Winga, unarudi lini?" Huwa najibu "hivi karibuni, kaka," kwa sababu daladala haisubiri maelezo. Leo mvua imetufungia wote ndani, basi niyaandike.

Kichwa kilianza kuniuma katikati ya ligi ya mkoa. Kilikuwa cha asubuhi. Naamka nacho kimekaa nyuma upande wa kulia, natapika, ikifika saa nne kinapungua, jioni naenda mazoezini kama kawaida. Zahanati tuliyoanzia ilisema malaria, nikameza dawa mseto. Baadaye ikasemwa taifodi. Hapa kwetu ukiwa na kichwa na homa, hayo mawili yanakungoja kabla hujavuta kiti.

Ila kilichonitia hofu mimi ni krosi. Mguu wangu wa kulia ndio ulionitoa mchangani ukanipeleka kwenye nyasi bandia za Nyamagana. Pamba Jiji waliporudi Ligi Kuu mwaka 2024 nilijiambia kimoyomoyo kwamba nafasi yangu iko palepale pembeni mwa kibendera cha kona. Sasa mguu huohuo ukawa unaufikia mpira mapema au umechelewa, na krosi zote zinaishia nyuma ya goli. Mwalimu akadhani nimepata mpenzi. Wenzangu wakasema nimelogwa, na bibi yangu kule Magu hakuwa mbali sana na wazo hilo.

Anayeijua Igogo anajua nyumba zetu zimepanda juu ya mawe. Njia ya kwetu ni ngazi za mawe tangu barabarani, nimezipanda mbio na ndoo ya maji kichwani tangu darasa la pili. Asubuhi moja nikasimama juu yake na nikashindwa kushuka. Kila nikiinua mguu nadondokea kulia. Si mbele, si kushoto, kulia tu. Mama akamwita kaka, kaka akaita bodaboda, na kuanzia hapo habari inakuwa ya kwao. Mimi nimesimuliwa.

Nimesimuliwa kwamba hospitali ya Bugando walinipiga CT scan usiku uleule, na kwamba daktari alitoka akamuuliza mama swali ambalo hakulitegemea kabisa: "Mama, sikio la huyu kijana linatoa usaha?"

Linatoa. Lilikuwa likitoa tangu sijaanza shule, linakauka kiangazi, linarudi tukianza kuogelea. Tulikuwa tunaweka mafuta ya vuguvugu na kipande cha pamba. Mtaani kwetu sikio la usaha huchukuliwa kama kukojoa kitandani: mtoto atakua, litaacha. Nina watu watatu kwenye timu yetu ambao ukikaa nao karibu ndani ya gari unalisikia lile harufu, na hakuna aliyewahi kuwaambia kitu zaidi ya utani.

Kumbe Shirika la Afya Duniani linasema sikio ambalo ngoma yake imetoboka na linatoa usaha kwa wiki mbili au zaidi limeshaingia kwenye ugonjwa sugu. Vijidudu vikishakaa humo vinaweza kuula mfupa taratibu, na mfupa unaotenganisha sikio na ubongo si mnene. Vyangu vilipita. Vikatengeneza jipu ndani ya ubongo mdogo, ule ulio nyuma kwa chini, na jipu likabana njia ya maji ya ubongo. Ndiyo maana ya kichwa cha asubuhi na kutapika.

Kuna kitu daktari alinieleza baadaye ambacho bado nakifikiria nikiwa nimelala. Shuleni tulifundishwa kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaoongoza mkono na mguu wa kulia. Ubongo mdogo haufuati utaratibu huo, upande wake wa kulia unaongoza kulia. Kwa hiyo sikio la kulia, ubongo mdogo wa kulia, mguu wa kulia, krosi nyuma ya goli. Kila kitu kilikuwa upande mmoja, na aliyekuwa anakiona kila siku ni golikipa wetu aliyekuwa akinitukana.

Walitoboa fuvu nyuma ya sikio wakaunyonya usaha. Kisha zikafuata dawa za mshipani, seftriaksoni na metronidazoli, wiki baada ya wiki. Jipu la ubongo kwa kawaida hutaka wiki sita hadi nane za dawa, maana dawa hupenya kuta zake kwa shida. Madaktari wa masikio nao wakaja kusafisha mfupa, ili chanzo kisibaki pale kikisubiri. Siku za mwanzo nilikuwa naona kila kitu mara mbili. Wageni wanasifia jinsi ziwa linavyoonekana kutoka kile kilima cha Bugando; mimi niliona meli mbili, na mama wawili, wote wanalia. Gharama sitaki kuziandika. Ndugu walichanga, timu ikacheza mechi ya hisani, kaka akauza pikipiki yake. Yeye mwenyewe halizungumzii hilo, nami simlazimishi.

Sasa nifike kwenye swali.

Dada wa fiziotherapia aliniambia mwili unajua umesimama wapi kwa kusikiliza vitu vitatu: macho, sikio la ndani, na miguu yenyewe inavyokanyaga. Ubongo mdogo ndio unaovipatanisha. Ni sehemu ndogo, kama asilimia 10 tu ya ubongo wote, lakini ndani yake mna zaidi ya nusu ya seli za neva tulizonazo. Kwangu vitu viwili vimeguswa, sikio na mpatanishi, kwa hiyo nategemea sana macho. Usiku umeme ukikatika nikiwa katikati ya chumba, nabaki hapohapo mpaka mtu awashe tochi ya simu.

Mazoezi yenyewe hayatazamiki. Nasimama kwa mguu mmoja nimeshika kiti. Natembea juu ya mstari wa chaki, kisigino kikigusa vidole. Nabandika herufi ukutani, naitazama huku natikisa kichwa kushoto kulia, kushoto kulia, mpaka itulie. Nagusa pua yangu kisha kidole cha mdogo wangu, naye anakisogeza makusudi ili nikose, akicheka. Zamani nilikuwa nikipiga danadana hadi watoto wanachoka kuhesabu, na siku niliyofika mwisho wa ule mstari wa chaki bila kuyumba nilishangilia kuliko nilivyowahi kushangilia goli. Jirani akachungulia dirishani kuuliza nani kafunga.

Kuna na kusikia. Sikio la kulia limebaki na kidogo sana. Uwanjani mwenzako akipiga kelele "mtu!" unatakiwa ujue anatokea wapi kabla hujageuka. Mimi nalisikia neno, sijui limetoka upande gani. Barabarani ndivyo ilivyo kwa bodaboda: honi naisikia, pikipiki siioni mpaka imenipita. Sasa natembea ukingo wa kulia wa njia, nyumba ziwe upande ule mbovu.

Watu wa mpira wananipa mfano wa Petr Čech, aliyekuwa kipa wa Chelsea. Kweli, alivunjika fuvu Oktoba 2006 kwenye mechi na Reading, Januari 2007 akawa golini na ile kofia yake, akaivaa mpaka alipostaafu 2019. Ni habari nzuri na naipenda. Hakuna anayenitajia Ryan Mason, nimemtafuta mwenyewe. Fuvu lilivunjika Januari 2017 akiichezea Hull City, akahangaika kurudi, Februari 2018 akaacha mpira kwa ushauri wa madaktari akiwa na miaka 26. Miaka mitatu baadaye akawa kaimu kocha wa Tottenham akiwa na miaka 29. Hao waligongwa, mimi niliota jipu, mambo hayafanani. Ila naona tunachagua mfano kwa jinsi tunavyotaka mgonjwa ajibu.

Sijachukia kuulizwa. Wanaouliza ndio waliochanga. Kinachonichosha ni kwamba swali lina majibu mawili tu yanayokubalika, tarehe au machozi, na mimi sina hata moja. Daktari hajaniambia sitacheza. Ameniambia nisipige mpira kwa kichwa, nisiogelee hata kidogo, na turudie picha. Katazo la kuogelea ndilo gumu kuliko la kichwa, kwa kijana aliyekulia hatua chache kutoka majini. Chini ya maji macho hayana kazi na miguu haikanyagi kitu, nikizama naweza nisijue juu ni wapi. Basi nakaa juu ya jiwe nalinda nguo za wenzangu, na wao wanaona aibu kufurahi mbele yangu.

Jioni siku hizi naenda uwanjani kumsaidia mwalimu na watoto wa chini ya miaka 12. Napanga koni, najaza maji, napuliza filimbi. Yupo mmoja, beki wa kushoto, mbishi, ana kasi. Wiki iliyopita alikuja kufungwa kamba za viatu, akainamisha kichwa karibu yangu, nikalisikia lile harufu. Pamba ilikuwa ndani.

Nikamfuata mama yake kule Mwaloni, anauza dagaa. "Shikamoo mama," nikaanza, nikamweleza. Akacheka kwa upole. "Marahaba mwanangu. Hilo ni la utotoni, hata baba yake alikuwa nalo." Nikavua kofia nikamgeuzia kisogo, nywele bado hazijafunika lile kovu. Akaacha kupima dagaa. Akauliza ni kliniki gani, wanafungua saa ngapi, na kama bima ya mtoto inakubalika. Nikamwambia ninachokijua.

Walienda Jumatatu. Foleni ilikuwa ndefu na mzigo wake wa dagaa ulikuwa umebaki juani, wakaondoka kabla hawajaonwa. Tumekubaliana Alhamisi nitampeleka mtoto mimi, yeye abaki na biashara. Mtoto ameshaniuliza kama siku hiyo atakosa mazoezi.