Baibui mkononi mwangu, mpwa wangu uwanjani

Jana alasiri nilimsindikiza mpwa wangu kwenye mazoezi ya soka Mnazi Mmoja, Unguja. Alishuka kwenye daladala na baibui lake, akalivua pembeni mwa uwanja. Chini jezi na suruali ndefu, tayari. "Mjomba nishikie." Basi saa nzima na nusu nimekaa na baibui mapajani kama mshona nguo.

Wazee wawili karibu yangu walianza na "siku hizi wasichana hawa…" Dakika ishirini baadaye mmoja wao ndiye aliyekuwa akipiga kelele kuliko wote: "Rudi nyuma! Rudi nyuma, unaacha mwanya!"

Njiani kurudi mpwa wangu akaniuliza, Zanzibar Queens, timu yetu ya taifa ya wanawake, wanaweza kufika Kombe la Dunia? Hapo nikakwama. Zanzibar si mwanachama wa FIFA, na Kombe la Dunia ni la wanachama wake. Machi 2017 CAF, shirikisho la soka la Afrika, walitupokea kama mwanachama kamili, mtaani watu wakafurahi kama Idi, Julai mwaka huohuo wakatutoa. Kwa hiyo uwanja wa kimataifa wa timu yetu ya taifa umebaki CECAFA, mashindano ya Afrika Mashariki na Kati, na hata huko hatujapata raha: Jinja, Uganda, 2016 wenzetu walitujazia kapu la magoli. Akitaka kwenda mbali zaidi, njia ni Twiga Stars, timu ya wanawake ya Muungano.

Akanyamaza mpaka tumefika Darajani. Kisha: "Kwani Twiga Stars beki wa kushoto wao nani?"

Nimecheka, wallahi. Kesho anataka njumu mpya. Mwenye kujua duka la bei ya kawaida aniambie, mama yake kashasema hilo ni la mjomba.