Boriti Ndiyo Iliyochagua Lenzi

Binti wa kakangu anakwenda Unguja Desemba hii na wenzake wa chuo, na wiki hii nzima amekuwa akinitumia picha za lenzi badala ya salamu. Jana usiku ndipo akaleta swali lenyewe. "Shangazi, Baba asema ninunue zumu ndefu, ile lenzi ya kuvuta vya mbali, nisisikize mtu. Wewe wasemaje?"

Niliweka simu chini sikumjibu. Huyo babake na mimi tuliwahi kuvutana juu ya jambo hilihili kabla yeye hajajua kusoma, na mpaka leo hatujamalizana.

Ilikuwa Desemba ya 2010. Bibi ameamua kwenda Lamu kumwona dadake, shule zimefungwa, na wa kumsindikiza ni mimi. Macho ya dadake yalikuwa yamekwisha kumwacha. Kwenye simu alikuwa akisema siku hizi anamjua mtu kwa kikohozi chake. Kamera nilikuwa nayo, Nikon D3000, pamoja na ile lenzi inayokuja nayo kwenye boksi, 18-55, ambayo kwenye jua haina neno ila ukiingia nayo ndani ya nyumba yaanza kuhangaika. Namba za lenzi ni milimita: kubwa huvuta vya mbali, ndogo huona pana. Nilikuwa nimeweka akiba ya kununua nyingine. Kakangu akaniongezea, mpaka pesa zake zikawa nusu kamili, na juu ya pesa hizo akaweka ombi: nimletee majahazi. Alitaka jahazi la Shela, hukohuko Lamu, na tanga lililojaa upepo, alitundike dukani kwake ukutani. Kwa hivyo kwake yeye hapakuwa na cha kufikiria. Ninunue 70-300, basi.

Na hoja zake zilikuwa hoja. Desemba kaskazi imeshaanza kuvuma, matanga yanajaa. Jahazi nalo halikufuati ulipo, wewe ndiye unayelitafuta kwa jicho. Tena kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu, sensa ndiyo ikaayo mahali pa filamu, 300 inaona mbali kama ingekuwa 450 kwenye kamera ya filamu. Nilitoka nyumbani nikiwa nakubaliana naye kwa kila neno.

Duka la Ami halikuwa na kibao. Ilikuwa ni chumba cha chini cha nyumba ya zamani, hatua chache kutoka Ndia Kuu, Mji wa Kale wa Mombasa, mlango wazi kwa barabara na feni moja ya mezani. Ami alikuwa akitengeneza kamera tangu enzi za filamu, na lenzi alizokuwa akiuza nyingi zilikuwa zimepita mikononi mwa watu wengine kwanza. Nikamwambia ninachotaka. Akatandika kitambaa mezani, akapanga lenzi tatu: 70-300 niliyomtajia, 50 ya zamani yenye tundu la 1.8, na 35 ambayo Nikon waliitoa mwaka 2009, nayo ya 1.8. Hiyo ni namba ya tundu la kupitishia mwanga: ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.

Kwanza akanifundisha kuzikagua, na hili namshukuru hadi leo. Alizima taa, akawasha tochi ndogo, akaimulika kila lenzi kwa nyuma huku mimi nikichungulia kwa mbele, halafu tukabadilishana. Hewa ya Mombasa ni ya unyevu na chumvi, na lenzi iliyofungiwa kwenye mkoba miezi mingi bila hewa hufanya kuvu ndani ya vioo. Akaniletea moja iliyoharibika, haikuwa ya kuuza, ili nijue kuvu yenyewe ilivyo: nyuzi nyembamba zimetambaa kutoka ukingoni kuja katikati, kama utando wa buibui. "Ukiiona hii usiulize bei," akasema. Kisha akasukuma kwa ukucha kile kijiti kidogo kilicho nyuma ya lenzi ya Nikon, vile visu vya tundu vikafunguka na kurudi papo hapo. Vikirudi polepole vimeingia mafuta. Hizi tatu zote zilikuwa safi.

Nikaishika 70-300 nikamwuliza bei ya mwisho.

"Waenda kupiga nini?"

"Majahazi, Ami. Naenda Lamu."

"Na nani?"

"Na Bibi. Aenda kumwona dadake."

"Huyo dadake akaa nyumba ya mawe?"

"Ya mawe."

Ami akainua uso akatazama dari. Nami nikatazama. Zilikuwa boriti za mkoko, zimepangwa moja baada ya nyingine kutoka ukuta hadi ukuta, nyeusi kwa umri.

"Hizo ndizo zilizopima chumba hiki," akasema. "Fundi wa nyumba hakuja na tepu. Mkoko wampa urefu wake, naye hana budi. Chumba chaweza kwenda kirefu upendavyo, lakini upana haupiti boriti. Hapa hakufiki mita tatu. Na huko Lamu ni yaleyale."

Nilikuwa nimezaliwa chini ya boriti na sikupata kuziwazia hivyo hata siku moja.

Akasimama, akachukua kigoda chake akakiweka kwenye ukuta wa upande ule, akaketi. "Wewe ndoo huku, weka mgongo ukutani. Usisogee." Nikasimama pale, mgongo kwenye chokaa, naye mbele yangu amenyoosha kanzu magotini. Ikawa ndio mtihani.

Nikaanza na zumu, kwenye 70, ufupi wake wote. Ndani ya kioo nikaona kofia, uso na mabega, na basi. Nikabonyeza. Mle ndani mwanga ulikuwa ule wa mlangoni tu, na shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, ilikaa wazi muda nikaisikia ikifunga kwa kuchelewa. Ami alikuwa amegeuza kichwa kidogo tu kumwitikia mtu aliyesalimu barabarani, na kwenye skrini hakuwa na uso.

Nikaweka ile 50. Hapo alikuwa ananifunza jingine, kwa sababu lenzi hiyo ya zamani haina mota yake, yategemea mota iliyomo ndani ya kamera, na D3000 haina. Nikazungusha mwenyewe kwa mkono. Mwanga ulikuwa tele. Kutoka tundu la 5.6, la zumu hiyo ikivutwa hadi 300, kuja 1.8 mwanga ni karibu mara kumi, kwa hivyo picha ambayo zumu ingeitaka moja ya sita ya sekunde, hii yaipata kwa moja ya sitini, na mtu anayezungumza humkosi. Lakini hata nilipoisimamisha kamera wima, Ami aliishia magotini. Nilijibana kwenye ukuta mpaka nikahisi ubaridi wake mgongoni. Miguu ikabaki nje.

Halafu 35.

Nataka nieleze vizuri nilichokiona, kwa maana ndicho kilichonigeuza. Nilimwona Ami mzima. Kofia yake ya vito, mikono miwili juu ya mapaja, makubadhi ameyavua moja na jingine limening'inia kidoleni, kigoda chenyewe, na chini yake kitambaa kilichoanguka. Juu yake zidaka za ukutani alizoweka makopo ya skrubu. Kwenye zile lenzi nyingine nilikuwa nimepata uso wa mzee. Hapa nilimpata mtu kwake. Na alikuwa anaongea nami wakati wote huo, kwa sauti ya kawaida, hakuacha kwa sababu ya kamera, nami nikawa namjibu na kubonyeza, kumjibu na kubonyeza. Alikuwa ananieleza jinsi marehemu mkewe alivyokuwa akimkataza kuleta nyumbani kamera za watu. Katika moja ya picha hizo ameinua kiganja akionyesha jinsi mkewe alivyokuwa akimzuia mlangoni. Ninayo bado.

"Bibi yako na dadake," akasema alipomaliza, "watakaa bega kwa bega. Hawataachana wakukalie mbalimbali upate picha. Sasa wewe utasimama wapi?"

Sikumjibu. Nilimwomba ruhusa nikaichukua tena ile 70-300 nikatoka nayo mlangoni. Muuza kahawa alikuwa kwenye kona ya mbali, pale njia inapopinda, na dele lake na makaa chini yake. Nikazungusha mpaka 300, akaja. Akaja mpaka nikaona vikombe viwili alivyovishika kwa vidole na anavyovigonganisha, na moshi ukimpita puani. Hakujua kama namtazama. Ilikuwa nzuri, sitasema vingine. Nilisimama pale mlangoni nikawaza tanga la kakangu, nikajua kabisa litakavyokuwa, na nikajua kuwa pesa nusu ni zake.

Nikarudi ndani nikanunua 35.

Njiani nikanunua na kichujio cha kukata mng'aro wa maji, cha kujitetea mbele ya kakangu, maana bahari yenyewe ningeipata japo majahazi yangekuwa madogo. Nyumbani aliitazama lenzi ile fupi kwenye kiganja chake, akaigeuza. "Hii haina hata zumu," akasema, akanirudishia. Hakusema zaidi, na hilo lilinikaa zaidi kuliko kama angesema.

Lamu nitaipita haraka. Basi, Malindi, Garsen, Witu, vumbi, Mokowe, boti, Bibi amenishika mkono hauachii. Nyumba ya dadake ilikuwa ya matumbawe na chokaa, na chumba walichokaa nilikipima kwa hatua nikaona Ami hakukosea. Waliketi bega kwa bega alivyosema. Dadake akampapasa Bibi uso wote, paji, pua, kidevu, taratibu, halafu akasema, "Umekonda." Nilikuwa ukutani upande wa pili na wote wawili walikuwa ndani ya picha, mpaka nyayo. Nilipowasogelea nikagundua kuwa ukiwa mita moja na tundu liko wazi kabisa, kinachokaa sawa ni sentimita chache tu, ukimpata mmoja mwenzake ayeyuka. Basi nikawa nafunga tundu mpaka 2.8 au 4 dirisha likiruhusu, na dirisha lisiporuhusu nasubiri mabega yao yalingane. Nilisubiri sana. Nimeshapiga picha nyingi tangu hapo, harusi za watu na mahafali, na sijapata tena nilichokipata katika chumba kile.

Jahazi nalo lilikuja. Tulikuwa kwenye boti kwenda Shela, likatupita kwa mbali upande wa kisiwa cha Manda, tanga limejaa, limelala ubavu. Nililipiga. Kwenye picha ni kipande cheupe juu ya maji mengi.

Kaskazi iliyofuata kakangu alinunua zumu yake mwenyewe, akaenda Lamu mwenyewe, akarudi na majahazi. Yalikuwa mazuri kwelikweli. Moja lilitundikwa dukani na liko hapo hata sasa.

Nikaweka picha zake na zangu katika albamu moja, nikampelekea Bibi. Zile za chumbani alizitazama vizuri, akazitaja moja moja, akacheka pale dadake alipokunja uso. Alipofika kwenye majahazi akanyamaza. Akataka miwani. Akaishika ile picha akaisogeza mlangoni penye mwanga, na kidole chake kikafuata foromali, ule mti unaoshika tanga, kutoka chini hadi juu, kikashuka na tanga mpaka tezini, nyuma ya chombo, ambako baharia mmoja amesimama ameshika usukani, na waweza kuona kuwa amevaa kikoi na kuwa anaimba au anapiga kelele.

Mimi nilikuwa nimesahau, au sikuwahi kuliweka maanani, kwamba Bibi alizaliwa na kukua Lamu bila ya kuiona Lamu hiyo. Alipovunja ungo alitawishwa, akawekwa ndani asitoke, kama wasichana wa wakati wake, na alipotoka alitoka kwa kuolewa, usiku, akaletwa Mombasa. Majahazi alikuwa akiyasikia. Alinieleza siku hiyo kuwa walikuwa wakisikia mabaharia wakiimba wakivuta tanga, nao wako ndani, yeye na dadake, wakibahatisha ni chombo cha nani.

"Chumba nakijua, mwanangu," akaniambia. "Hiki ndicho ambacho sijapata kukiona kwa karibu hivi."

Nikamwuliza zile za kwake na dadake nizifanye nini. Akasema nizipeleke Lamu, wajukuu wamsimulie dadake zilivyo. Ile ya jahazi akamwita kakangu, akamwambia aikuze, ikae pale anapoweza kuiona akiwa amelala.