Bwawa lenye kimo cha stuli ya mama

Mama alipohamia kwangu Mwanza, alichokosa kuliko vyote ni ziwa. Amezaliwa Ukerewe, amekua akichota maji, akiosha vyombo na kusubiri mitumbwi palepale ufukweni. Sasa yuko kwangu kilimani, ziwa analiona kwa mbali katikati ya mapaa ya mabati, na magoti hayamruhusu kushuka. Nikasema moyoni, basi maji yatapanda yamfuate.

Kuchimba bwawa kwenye vilima vyetu ni kazi bure. Fundi alipiga sururu nyuma ya nyumba, futi moja tu ikagonga jiwe. Akasogea hatua tatu, jiwe tena. "Dada, hapa tupandishe," akasema. Tukaziacha zile sentimita 30 za chini, zilizobaki tukaziinua kwa ukuta. Kimo chake alikitoa mama mwenyewe: nilimkalisha kwenye stuli yake ya jikoni, fundi akaweka futikamba kutoka ardhini hadi kwenye kiti. Sentimita 50. Juu ya ukuta tukaweka ukingo mpana, laini, wa kukalia.

Ukuta tulijenga kwa mawe, maana ndiyo tuliyojaliwa huku, unene sentimita 30, na sakafu ni zege yenye nondo. Hapo sikutaka kubana matumizi. Bwawa lina urefu wa mita 3 na upana wa mita 1.5, maji yanasimama sentimita 70. Hizo ni lita 3,150, na kila lita ni kilo nzima, kwa hiyo tani 3 na ushee zinasukuma usiku na mchana. Bwawa la kuchimba hushikwa na udongo pande zote. La kuinua linajishika lenyewe. Kabla ya kumwaga zege tulilaza bomba la inchi 2 sakafuni, koki ikatokea nje upande wa migomba. Kila nikipunguza maji machafu, migomba inakunywa, na mikungu ya mwaka huu imenifurahisha sana.

Kilichoniumiza ni haraka. Plasta ilipokauka nilijaza maji, nikaacha siku nne, nikanunua vifaranga 20 vya sato. Asubuhi ya pili 14 walikuwa wanaelea, matumbo juu. Mama aliwaokota mmoja mmoja kwa kikombe, hakusema neno. Binti yangu, yuko kidato cha pili, ndiye aliyekuja na karatasi za litmasi, zile za kupimia kama maji yana asidi au alkali. Akachovya ile nyekundu, ikageuka bluu mbele ya macho yetu, ishara ya alkali. Saruji mpya hutoa chokaa, na chokaa inayafanya maji kuwa makali kwa samaki hata kama kwa macho ni safi kabisa. Wale sita waliobaki tukawahamishia kwenye pipa. Nikafungua koki, nikasugua kuta kwa brashi, nikajaza, nikaacha wiki nzima, nikamwaga. Mara tatu. Mara ya tatu karatasi ilibaki nyekundu, lakini bado nilisubiri wiki mbili nyingine mpaka kuta zikaanza kuota ule utelezi wa kijani. Ndugu yangu unayetaka kujenga, nakuomba, usiruke hatua hii.

Mimea niliweka ile ya hukuhuku. Mafunjo yako pembeni, kwenye ndoo zilizotobolewa. Yungiyungi nimelipanda kwenye beseni la udongo wa mfinyanzi, juu nikatandaza kokoto nene, kwa sababu sato hufukua na kutafuna mizizi laini. Majirani waliniletea gugu maji, maua yake mazuri ya zambarau. Nilikataa. Mmea ule ulitoka Amerika ya Kusini, na tangu uingie Ziwa Victoria miaka ya 1980 mwishoni umeziba gati na mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Mama aliliona lile zulia la kijani kwa macho yake. Hapa kwangu halitaingia hata jani moja.

Mbu nilikuwa nawahofia, ila sato wadogo wanawameza viluwiluwi kabla hawajapata mbawa. Chakula ni pumba na vumbi la dagaa, kiasi cha kuisha ndani ya dakika tano.

Mwezi uliopita mama aliniita. "Mwanangu, njoo umwone huyu. Hali." Jike mmoja alikuwa amejitenga chini ya jani la yungiyungi, kidevu kimetuna kama ameficha kokwa. Nikadhani anaumwa. Mama akatikisa kichwa: "Ana watoto kinywani." Akaanza kukaa pale ukingoni kila asubuhi na chai yake, anamlinda, hataki mtu apige kelele. Siku ya kumi na mbili jike akafungua kinywa, na wingu la vijisamaki, kila kimoja kama punje ya mtama yenye macho mawili, likamwagika mbele ya uso wake. Mama akainama bila kuinama, maana maji yako usawa wa paja lake, akachovya kidole. Wote, kwa mpigo mmoja, wakarudi kinywani mwa mama yao.