Wajina kwenye rafu: kumtenganisha Mohamed na Mohamed

Anayepanga orodha ya riwaya za Kiswahili, hata ziwe hamsini tu za maktaba ya shule, atakwama kwenye Mohamed. Mohamed Suleiman Mohamed ndiye wa Kiu (1972) na Nyota ya Rehema (1976). Said Ahmed Mohamed ndiye wa Utengano na Dunia Mti Mkavu, zote za 1980. Muhammed Said Abdulla ndiye aliyetuletea mpelelezi Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale. Wote ni Wazanzibari, wote ni wanariwaya. Nchi na aina ya maandishi, ambavyo kwa kawaida hutenganisha wajina, hapa havisaidii kitu.

Akina Mohamed kuwa wengi si tatizo. Tatizo ni kuyapa majina yetu ukoo yasiyokuwa nao. Jina la Kizanzibari ni mnyororo: lako, la baba, la babu. Mfumo wa marejeleo hulichukua la babu, ukalitanguliza, ukayakata mengine yabaki herufi. Said Ahmed akawa "Mohamed, S. A.", mwenzake "Mohamed, M. S.", na ndani ya insha wote wawili wakabaki "Mohamed" na mwaka. Anayesoma "Mohamed (1976)" kisha "Mohamed (1980)" atadhani ni mtu yuleyule. Kwa waandishi wa pwani, andika majina yote matatu. Mwongozo wa chuo ukikataa, basi weka herufi hata katikati ya insha: M. S. Mohamed (1976). Mtindo wa marejeleo wa APA, unaotumika vyuoni, wenyewe unaagiza hivyo majina ya mwisho yanapogongana.

Kwenye jedwali lako, kila mstari uwe toleo la kitabu, usiwe mtu. Nakili jina kama lilivyochapwa kwenye ukurasa wa jina la kitabu, si kwenye jalada, maana jalada hufupisha. Usisahihishe tahajia: Muhammed, Mohammed na Mohamed ziache zilivyo, kisha fungua safu ya pili ya jina uliloamua kulitumia. Ukisahihisha mapema umeufuta ushahidi. Ongeza mchapishaji, mji, mwaka wa toleo la kwanza (upo nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu, usichukue mwaka wa kuchapwa upya), na lolote lililomo kwenye dibaji au tabaruku. Orodha ya "vitabu vingine vya mwandishi huyu" ni ushahidi mzuri kuliko yote, kwa kuwa huunganisha kitabu na kitabu bila kupitia jina.

ISBN, namba ya kitabu, isikudanganye. Tarakimu 9966 ni za Kenya, 9976 na 9987 ni za Tanzania, lakini zinaonyesha kitabu kilichapishwa wapi tu. Mzanzibari aliyechapishwa Nairobi hupata 9966 kama Mkenya yeyote.

Kuna na kinyume chake: mtu mmoja, majina mawili. Said Ahmed Mohamed huyohuyo, katika makala za kitaaluma, ni Said A. M. Khamis, hapo limeongezeka jina la nne. Adam Shafi naye utamkuta kama Adam Shafi Adam na kama Shafi Adam Shafi. Kompyuta inayolinganisha herufi itamgawa kila mmoja wao, huku ikiwaunganisha watu wawili wanaoandikwa "Mohamed, M. S." wote.

Kwa hiyo usiunganishe mpaka upate ushahidi wa aina mbili usiotegemeana, mathalani dibaji na orodha ya vitabu. Ukikosa, waache mbalimbali na uweke alama ya kuuliza. Waliotenganishwa kimakosa huunganishwa kwa dakika moja. Waliochanganywa itakubidi urudie kila kitabu kimoja kimoja.

Namba za utambulisho zinasaidia, ila kila moja ina mpaka wake. ORCID, namba ya watafiti yenye tarakimu 16, huombwa na mwandishi mwenyewe na ilianza Oktoba 2012, basi usiitafute kwa Abdulla aliyefariki 1991. ISNI, namba ya kimataifa ya majina, nayo ya tarakimu 16, hutolewa hata kwa marehemu. VIAF, faharasa ya kimataifa ya majina ya waandishi, hukusanya rekodi za maktaba za taifa mbalimbali na kuziunganisha kwa programu, kwa hiyo fungua orodha ya vitabu chini ya jina kabla ya kuinakili namba yake. Ukikuta Kiu na Utengano zimekaa pamoja, achana nayo.