Leva ya Tatu

Fundi aliyenifundisha kazi ya vitasa hakuwa mtu wa drili. Alikuwa nayo, tena nzuri, lakini ilikaa chini kabisa ya sanduku la vifaa, na ukiitaka ilibidi kwanza utoe kila kitu kingine. Nadhani aliipanga hivyo makusudi. Kutoboa kila mtu anaweza, alikuwa akisema, ila ukishatoboa umemuuzia mteja kitasa kipya bila kumuuliza.

Siku ninayoikumbuka tuliitwa na mama mmoja aliyepoteza ufunguo wa stoo. Mlango ulikuwa wa mbao nzito, na kitasa kilichozamishwa ndani ya ubao kilikuwa cha leva tano, cha siku nyingi lakini kizima. Kabla ya kugusa chochote, fundi akamuuliza mle ndani kuna nini na kimekaa upande gani. Mama akataja: cherehani mkono wa kushoto, masanduku ya vitabu, ngazi nyuma ya mlango. "Basi tukifungua tutaanza kuiona cherehani," fundi akasema. Alisema kwa upole, lakini mama alielewa. Fundi aliuliza hivyo kila mahali, hata kwa watu waliojuana naye, na mimi ninauliza hivyo mpaka leo.

Mama akanitazama mimi. "Huyu kijana anaweza, au anakuja kujifunzia kwenye mlango wangu?"

"Yote mawili, mama," fundi akajibu, akanipa waya, akaondoka kwenda mlango wa nyuma, ambako kulikuwa na kitasa kingine cha kubadilisha.

Watu wengi wakiona tundu la kitasa cha leva hudhani ni chepesi kwa sababu tundu lenyewe ni kubwa. Ukimulika tochi unaiona hata leva ya kwanza. Lakini kuiona hakukusaidii kitu. Ndani mna vibamba vya shaba vilivyopangwa ubavu kwa ubavu, vyote vimeshikwa na pini moja, kila kimoja kikisukumwa chini na springi yake. Hizo ndizo leva. Kila leva imekatwa mwanya, na ulimi wa kitasa, kile chuma kinachoingia kwenye fremu, una kigingi kidogo ambacho lazima kipenye kwenye mianya yote kwa pamoja ndipo ulimi urudi. Mwingereza Robert Barron alipata hataza ya mtindo huu mwaka 1778, na ujanja wake ulikuwa huu: leva ikiinuliwa pungufu, kigingi kinagonga, ikiinuliwa kupita kiasi, kinagonga vilevile. Kabla yake vitasa vingi vilitegemea vizuizi tu, na ufunguo uliochongwa ukabaki mwembamba ulivipita bila shida.

Kinachompa fundi nafasi ni kwamba leva hazilingani kabisa, hata zikitoka kiwanda kimoja siku moja. Ukiukaza ulimi kidogo kuelekea upande wa kufunguka, kigingi hakizibani zote mara moja. Kuna moja inayotangulia kubanwa. Hiyo ndiyo unayoitafuta. Unaiinua taratibu mpaka mwanya wake ufike usawa wa kigingi, ulimi unasogea kiasi cha unywele, kisha leva nyingine inachukua zamu ya kubanwa. Kifaa ni viwili katika kimoja: bomba jembamba lenye kijino kinachoshika ulimi na kuukaza, na ndani ya bomba hilo inapita waya iliyopinda ncha, ya kuinua leva moja moja.

Mezani nilikuwa nimezoea. Fundi alikuwa na kitasa alichokikata dirisha ubavuni, nikawa naona kila ninachofanya. Baadaye akaliziba dirisha kwa kipande cha ngozi, nikafanya kwa vidole tu. Alichorudia kila siku kilikuwa mkazo. "Kaza kama umeshika kifaranga." Mkono wa mwanafunzi hukaza mno, kwa sababu mtu anaona akikaza ndiyo anafanya kazi. Ukikaza mno leva zote zinakuwa ngumu sawasawa, na hapo kitasa hakikuambii lolote. Tena leva uliyoipitisha juu inang'ang'ania hukohuko, springi inashindwa kuirudisha mpaka ulegeze.

Pale stoo nilianza vizuri. Leva ya nne ndiyo iliyobanwa kwanza, ikakaa. Ikafuata ya kwanza, kisha ya tano. Kila moja nilisikia ulimi ukisogea kidogo kwenye mkono wa kushoto. Nasema nilisikia, ingawa si kwa masikio; ni mguso ambao ukishauzoea huwezi tena kuutofautisha na sauti. Ya tatu nayo ikapanda, ikadaka, nikahamia ya pili. Ya pili ilikuwa inacheza tu, haijabanwa na chochote. Hapo sasa hesabu ikawa haieleweki. Kama nne zimeshakaa, iliyobaki lazima ibanwe. Haibanwi, basi kuna iliyodanganya.

Vitasa bora vya leva vimekatwa vijino vidogo pembeni mwa mwanya, na kigingi nacho kimetiwa mikato. Ukiinua leva huku ulimi umekazwa, kigingi kinadaka kwenye kijino kabla ya kufika kwenye mwanya wenyewe, na wewe unahisi kama leva imekaa. Mtu asiyekuwa na subira huachia zote aanze upya, akadakwa palepale tena. Mimi nilibaki nimeshika, na kilichonijia kichwani ni hadithi ambayo fundi hakuchoka kuisimulia.

Ni hadithi ya Hobbs, Mmarekani aliyekwenda London mwaka 1851 wakati wa Maonyesho Makuu. Waingereza walikuwa wakijivunia kitasa cha Chubb, kilichopata hataza mwaka 1818. Kilikuwa cha leva, lakini kimeongezewa mtego: mtu akiinua leva kupita kiasi, mtego unadaka, kitasa kinagoma, na mwenye nyumba akija na ufunguo wake anajua kuna aliyejaribu. Hobbs alikifungua kwa dakika 25 hivi. Watu husimulia hizo dakika, lakini fundi alipenda namna alivyofanya: aliufanya mtego wenyewe uwe mshauri wake. Ukidaka, umemwambia kwamba leva imepita kimo chake. Anaurudisha, anashuka kidogo. Kinga iliyowekwa kumzuia ndiyo ikawa inampimia. Mpaka leo waya za kazi hii huitwa kwa jina lake.

Basi nikaacha kuhangaika na ya pili, nikarudi kuzigusa zile nilizodhani zimekaa, moja moja, kwa ncha ya waya, bila kuinua. Ya nne ilikuwa na uhuru kidogo, inatikisika juu na chini. Ya kwanza vivyo hivyo, na ya tano. Ya tatu ilikuwa imekakamaa kabisa. Leva iliyofika kwenye mwanya wake hubaki na nafasi ya kupumua. Iliyodakwa na kijino haina. Kwa hiyo kijino kilikuwa kimenipa mambo mawili kwa mpigo: jina la leva, na habari kwamba kwa sasa ndiyo inayobeba mkazo wote.

Kulegeza sasa ndiko kulikokuwa na kazi. Ukilegeza zaidi ya inavyotakiwa, zile tatu nzuri zinaanguka. Niliuachia ulimi urudi nyuma kidogo mno, huku waya ikiisukuma ya tatu kwa chini bila kuacha, nikangoja kijino kiachie. Kiliachia. Leva ikapanda kimo kidogo tu, chembamba kuliko kucha, ulimi ukasogea kuliko ulivyosogea mara zote zilizotangulia, na ya pili, ile iliyokuwa ikicheza, ikawa ngumu. Nikaiinua. Bomba likazunguka mkononi, ulimi ukaingia ndani kwa mlio mzito.

Cherehani ilikuwa kushoto.

Fundi alikuja, akatazama, akasema, "Haya, ufunguo." Hiyo ndiyo sehemu ambayo wanaovutiwa na ufundi huu huisahau: mteja anataka mlango wake ufungike tena jioni. Tukakitoa kitasa kwenye mbao, nikafungua skrubu za kifuniko. Vijino vya leva ya tatu vilikuwa bado vikali. Vya nyingine vilikuwa vimelika, ndiyo maana hazikunidaka. Nikaingiza ufunguo usiochongwa, nikauzungusha mpaka ukagusa leva, nikaangalia ni ipi inapanda juu ya kigingi, nikapiga tupa hapo, nikarudia. Ni kazi ya macho na uvumilivu, haina mengi ya kusimulia. Nilichonga funguo mbili.

Mama alizijaribu zote mbili, kisha akauliza swali nililokuwa naliogopea tangu mwanzo. "Kama kijana amefungua bila ufunguo, mwizi atashindwa nini?"

Nilitaka kumweleza habari za vijino. Fundi akaniwahi. Akauvuta mlango mpaka kwenye fremu, akamwonyesha lile bamba la chuma linalopokea ulimi. Lilikuwa limeshikwa na skrubu mbili fupi, na mbao nyuma yake imeanza kupasuka. "Mwizi hatakaa hapa na waya, mama. Atapiga teke moja, kitasa kitabaki kizima na fremu itakuwa sakafuni."

Kisha akanigeukia. Skrubu ndefu, akasema, zipo chini ya sanduku, karibu na drili. Nikaanza kutoa vifaa kimoja kimoja.